Nilivyoacha kuwapa nguruwe afya yangu

Karibu mwaka mzima nilikuwa mteja wa chupa. Chupa ndogo, vidonge vya njano vinavyong'aa kama shanga. Mama anayeviuza tunasali naye pamoja, kwa hiyo jina lake naliacha. Aliniambia, "Mama, mwili hautengenezi mafuta mazuri, lazima uyanunue." Nikanunua. Kila chupa ilimeza kama ushonaji wa gauni mbili za kitenge, uzi sijahesabu. Na tumbo langu likabaki lilelile: siku tatu, siku nne bila choo, nimekaa kwenye cherehani hapa Katuba, mtaa wa Lubumbashi, nimejaa kama gunia la makaa.

Aliyenizindua ni mtoto wa dada yangu anayesomea uuguzi. Alikuja Jumapili moja akanikuta uani, nimetoka kukoboa na kusaga mahindi. Unga mweupe upande huu, na upande ule ndoo ya pumba inamngoja jirani yangu mfuga nguruwe.

"Tantine, hizo pumba anazinunua?"

Nikamwambia hapana, nampa bure. Kukoboa ndiko ninakolipia.

Alicheka mpaka akashika ukuta. "Unalipa wakutolee kiwanda cha mafuta, halafu unakwenda kununua mafuta ya chupa!"

Nieleze kama nilivyoelewa mimi, fundi cherehani. Punje ina ganda lenye nyuzinyuzi, na matumbo yetu hayana uwezo wa kuzisaga. Zinateremka nzimanzima mpaka utumbo mpana, na huko zinakuta bakteria wasiohesabika. Hao ndio wanaozila. Wanazichachusha kama munkoyo, kile kinywaji chetu cha mahindi, unavyochachuka, na wanachotuachia ni asidi za mafuta, zile fupifupi: asetati, propionati na butirati. Propionati inakwenda kwenye ini. Butirati nyingi inaliwa palepale, na chembe za ukuta wa utumbo mpana zinapata kwake kama 70% ya nguvu zao. Jina lenyewe limetoka kwenye siagi, kwa sababu asidi hiyo wameikuta ndani ya siagi kwanza. Basi mimi nikawa naambia wateja wangu kwamba natengeneza siagi tumboni. Mmoja alihamisha kitambaa chake kwa fundi mwingine, sijui ndiyo sababu.

Binti alinionyesha pia kwenye simu utafiti wa 2015. Wamarekani weusi 20 na watu 20 wa vijijini Afrika Kusini walibadilishana vyakula kwa wiki mbili tu. Wamarekani walipokula chakula chenye nyuzinyuzi nyingi, butirati yao ikapanda mara mbili na nusu. Wale wa kijijini, walipopewa nyama na vikaango vya Marekani, yao ikashuka kwa nusu. Wiki mbili! Mimi nilikuwa na mwaka mzima wa vidonge.

Nikaingia kwa pupa. Nilinunua gunia la mahindi, nikamwambia kijana wa mashini: hakuna kukoboa, saga yote. Akaniuliza mara mbili kama ni ya kuku. Nikarudi na unga wenye rangi ya mchanga, nikaujaza kwenye pipa la plastiki na kuliweka jikoni karibu na mbabula, jiko letu la makaa, mwezi wa kumi, lile joto la Lubumbashi kabla ya mvua mnalijua. Wiki mbili za kwanza bukari, yaani ugali wetu, ilikuwa tamu, ina harufu ya mahindi mabichi ya kuchoma. Wiki ya nne nikasikia uchungu kwenye ulimi. Nikalaumu sufuria. Nikabadilisha sufuria. Nikalaumu maji. Mwisho nikaingiza kichwa ndani ya pipa: harufu ya rangi ya kupaka mlango! Kumbe kiini cha punje, kile kidogo cha chini, ndicho kimebeba karibu mafuta yote ya hindi, na ukishakisaga mafuta yale yanakutana na hewa na joto yanaharibika. Unga mweupe unakaa miezi kwa sababu kiini wameshakitoa. Hakuna aliyeniambia, wala kijana wa mashini, na yeye alijua. Zaidi ya nusu ya gunia ilikwenda kwa nguruwe wale wale. Jirani alinishukuru sana.

Siku hizi nasaga ya wiki moja, na kabla sijapeleka nachambua punje kwenye ungo. Yenye ukungu natupa, kuku siwapi. Sumu ya ukungu inakaa zaidi kwenye ganda na kiini, na wewe sasa unakula vyote, kwa hiyo hapo usione uvivu.

Kosa la pili nalisema kwa aibu. Kwa haraka ya kutengeneza siagi yangu, juma moja nilikula bukari ya unga mzima asubuhi, mchana na jioni, na maharagwe juu yake. Siku ya tano nilikuwa kwenye kilio Kamalondo. Watu wamenyamaza, mchungaji anaomba, na tumbo langu likaanza kuunguruma kama lori linalopanda mlima. Mama aliyekaa karibu nami alisogea. Baadaye alisogea tena. Bakteria wakichachusha wanatoa hewa pia, na wangu walikuwa wamezoea njaa, wakaletewa karamu siku moja. Anza na kidogo, ongeza polepole, kunywa maji.

Kazi kubwa ilikuwa papa watoto, mume wangu. Yeye bukari kwake ni nyeupe kama ile ya magunia ya Zambia yaliyoandikwa Breakfast. Ya kahawia anaiita chakula cha gereza. Nilijaribu kumweleza bakteria, akaniambia bakteria ni ugonjwa wangu, siyo wake. Nikanyamaza. Lakini kwetu umeme ukikatika jioni haurudi upesi, na mtaani ratiba tunaijua. Basi siku za giza nikawa napika nikichanganya kikombe kimoja cha unga mzima na vinne vyeupe, nikawasha mshumaa mmoja na kuuweka mbali kidogo na sahani. Wiki ya pili vikombe viwili. Wiki ya nne nusu kwa nusu, na ngumi moja ya unga wa masaka, yaani mtama, kwa ujanja tu. Alikula na mboga za lengalenga, akaomba nyongeza, akasifu mkono wangu. Siku umeme uliporudi ghafla katikati ya chakula, alikuwa na tonge mkononi. Akalitazama. Akanitazama. Akalichovya kwenye mchuzi.

Kuna na kiporo. Hilo sikulitegemea, maana mama yangu alitulisha bukari ya kulala asubuhi kwa umaskini. Bukari ikipoa usiku kucha, sehemu ya wanga wake inakuwa ngumu kusagika, inafika kwa bakteria kama nyuzinyuzi. Tena binti anasema ganda la mahindi lenyewe ni gumu hata kwa bakteria, sehemu yake kubwa inapita hivihivi ikisukuma choo tu, na kwamba kiporo na maharagwe ndivyo vinavyochachuka vizuri. Kapenta, wale samaki wadogo, siachi, kwa sababu mafuta ya samaki ni mambo mengine, bakteria hawatuletei hayo.

Choo sasa ni kila asubuhi, kabla ya redio. Mafuta ya damu yalishuka pia nilipopima tena, ila nilikuwa nimeacha sukari kwenye chai na mikate ya kukaanga, kwa hiyo siwezi kuipa bukari sifa zote.

Jirani alikuja juzi na ndoo yake tupu, akasimama mlangoni. "Mama, siku hizi hamukoboi?" Nikamwambia hatukoboi. Akaniuliza kama ni shida ya pesa.