Mchu na mkoko kutoka angani

Ukirusha droni yenye kamera ya kawaida juu ya mikoko ya Mbweni, unachoona ni kijani kitupu mpaka baharini. Mchu, mkandaa, mlilana, mkoko wenyewe, yote sawa. Kazi yangu ya ramani inanidai niitenganishe, kwa sababu hesabu ya hekta peke yake haimwambii mtu ni miti gani inakatwa na ipi inaota tena.

Ninategemea mwanga ambao jicho halioni. Klorofili, ile rangi ya kijani ya majani, hula mwanga wa bluu na mwekundu, na hurudisha kijani kidogo kwenye urefu wa wimbi wa nanomita 550 hivi, ndiyo maana majani yanafanana machoni. Ukivuka nanomita 700, klorofili haina tena la kufanya. Infraredi, ndiyo mwanga huo usioonekana, inaingia ndani ya jani, inagongana na kuta za seli na nafasi za hewa, kisha karibu nusu yake inarudi juu. Hapo ndipo unene wa jani, mpangilio wa seli na wingi wa majani kwenye tawi vinapojitokeza. Jani la mkoko ni nene, linang'aa, na majani yake husongamana. La mchu ni dogo, lina chumvi juu na kijivu cheupe chini. Upepo wa kusi ukivuma yanageuka, mti mzima unapauka. Kwenye picha zangu, infraredi nikiipa rangi nyekundu, mkoko hutoka umekolea na mchu hutoka waridi lililofifia. Kila nikiiona tofauti hiyo kwenye skrini nafurahi upya.

Saa ya kurusha, kwa maoni yangu, ina uzito kuliko bei ya kamera. Maji hunyonya infraredi karibu yote. Bahari ikijaa chini ya mililana, ambayo matawi yake yana uwazi, picha inakuwa na giza na mtu anaweza kudhani miti inakufa. Kwa hiyo naangalia kwanza kalenda ya maji, nasubiri yapwe, ndipo naulizia mawingu. Vivuli navyo navipunguza kwa hesabu: infraredi natoa nyekundu, nagawanya kwa jumla ya zote mbili.

Picha za Sentinel-2, setilaiti ambazo ya kwanza ilirushwa 2015, ni za bure, na mikanda yake ya mwanga ya nanomita 705, 740 na 783 imewekwa pale pale klorofili inapoachia. Ila pikseli za mikanda hiyo ni za mita 20, na katika mita 20 za Mbweni unaweza kukuta aina tatu za miti zimechanganyika.

Mti unaonipa kazi kuliko yote ni mchu. Huota mbele kwenye maji, na huota tena nyuma kabisa, karibu na nchi kavu, ambako chumvi imezidi na mti unadumaa. Spishi moja, rangi mbili. Programu ya kutambua miti ukiiachia yenyewe, ule wa nyuma inauita mti mwingine. Basi naingia topeni na GPS pamoja na mvuvi mmoja wa hapo, anayeutambua mchu kwa gome tu, tunaandika mti kwa mti. Kwenye sampuli za kuifundisha programu nauweka kama aina mbili, mchu wa baharini na mchu wa nyuma, halafu naziunganisha ramani ikishakamilika.