Kichwamaji, kwa mara nyingine

Tangu tumalize arobaini ya baba nimerudi kwenye Kichwamaji, riwaya ya Euphrase Kezilahabi. Mama mdogo, aliyetoka Pangani kuja kukaa na mama wakati huu wa eda, aliniuliza jana: "Mwanangu, hicho si kile cha kijana anayejiua? Huna kingine cha kusoma?" Ninavyo. Ninachokitaka ni hiki.

Riwaya ilitoka mwaka 1974, mwaka uleule wa Kichomi, diwani yake ya mashairi. Kazimoto, mwanafunzi wa chuo kikuu, anarudi kwao Ukerewe na kichwa kisichotulia. Anamchukia Manase, mkuu wa wilaya, aliyemtia mimba Rukia, dada yake Kazimoto. Anataka kulipiza kisasi kupitia kwa Sabina, dada yake Manase, na anaishia kumpenda na kumwoa. Waliomwita Kezilahabi mwandishi wa kukata tamaa hawakumsingizia.

Lakini nyumba yetu hapa Ngamiani, Tanga, ilipojaa watu, kila aliyeingia alikuja na neno lilelile: subira. Kaza moyo. Kazi ya Mola haina makosa. Walisema kwa mapenzi, na nawashukuru. Wamepika, wamesoma, wamelala mikekani mpaka migongo ikawauma. Ila usiku nilikuwa na maswali ambayo humwambii mtu aliyetoka kukusomea Yasini. Kazimoto anayauliza: Mungu yupo? Mtu anaishi ili iweje? Hajibiwi, na wala hakuna anayemnyamazisha. Imani yangu ninayo. Kumsikia mtu akiuliza mpaka mwisho ndiko kulikonipa usingizi.

Nakala yangu niliinunua kwa muuza vitabu vya mtumba. Jalada limeng'oka, mgongo nimeushona kwa uzi wa katani. Mwenyewe wa zamani alikuwa na penseli. Vituko vya Manase hakuvigusa; mistari yake iko pale Kazimoto anapobaki peke yake na mawazo. Mahali pamoja ameandika pembeni "kweli", na ameikandamiza penseli hadi ukipapasa upande wa pili wa karatasi unazihisi herufi. Simjui ni nani. Nimemwombea dua.

Kifo cha baba kilitujia alasiri, chai ikiwa mezani, hakuna aliyekuwa amejiandaa. Mpaka leo nikisikia simu inaita moyo unaniruka. Humu kitabuni najua kila msiba uko ukurasa gani. Naweza kuusogelea taratibu, naweza kufunga kitabu, nikaurudia kesho nikiwa na nguvu, na utakuwa palepale. Nilipokisoma shuleni nilikimbilia kujua kisasi kitaishia wapi, Sabina akanipita hivihivi. Sasa sina cha kukikimbilia, ndiyo kwanza ninamwona: mwanamke anayeolewa na mtu ambaye nafsi yake yeye mwenyewe imemshinda.

Leo nimefika pale Kazimoto anapoanza kumpenda kikweli. Najua yanayowangoja, wao na mtoto wao. Nimezisoma kurasa hizo, nikazirudia, na bado sijataka kusonga mbele.