Mchawi wangu kafa kahawa haijapoa

Jana baada ya magharibi tulikaa barazani Ngamiani, kahawa na kashata, tukacheza Dungeons & Dragons mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa dadu, toleo la 2, lile la 1989. Jamani, hesabu zake! Deraya ikizidi ubora, namba yake ya kinga inashuka badala ya kupanda. Watengenezaji waliigeuza mwaka 2000, toleo la 3. Mchawi wangu (bibi hapendi nilitaje neno hilo usiku) alianza na pointi 3 tu za uhai. Zimwi dogo likamchoma mshale mmoja, kwisha habari yake.

Toleo la 2014 ningerusha dadu kujinusuru kwanza. Tena ukipata upendeleo unarusha mbili, unachukua kubwa. Raha, ila mtu unadeka.

Binamu ananicheka mpaka saa hizi. Leo narudi na mchawi mwingine, jina lile lile.