Siku Padre Alipomjia Baba Mkubwa

Mwaka 2008 baba mkubwa alirudishwa nyumbani Rombo kutoka hospitali. Saratani ya koo ilikuwa imembana, hamezi chochote ila uji mwepesi. Usiku ule ule akamwambia mama mkubwa, "Niitieni padre."

Ombi hilo likazua mjadala. Mahari ilikuwa imetolewa zamani na wajukuu wameshazaliwa, lakini wao wawili hawakuwahi kufunga ndoa kanisani. Kila Jumapili walikuwa wakibaki kwenye benchi wenzao wakienda kukomunika, yaani kupokea Ekaristi.

Asubuhi mwenyekiti wa jumuiya alikuja na msimamo wake: aliyejitenga na sakramenti hapakwi mafuta ya wagonjwa, tumsalie rozari tu. Mwalimu katekista, mzee wa maneno machache, akamkatiza. "Mgonjwa ameomba kwa kinywa chake. Kumkatalia si kazi yangu wala yako." Akanigeukia: "Nenda parokiani, mwanangu."

Paroko alikuja mchana kwa pikipiki, mashati yetu sote yakinuka moshi wa jikoni. "Tumsifu Yesu Kristo." "Milele, amina." Mwenyekiti alimvuta pembeni, akamweleza yote. Nilikuwa karibu, nikasikia jibu. Padre alisema kwamba sheria ya Kanisa inawanyima mpako huo wa mafuta wale wanaong'ang'ania kwa ukaidi dhambi kubwa iliyo wazi. "Huyu aliyeniita mwenyewe anang'ang'ania nini?"

Tulitoka nje amuungamishe. Kisha akaitwa mama mkubwa, na mimi na mwalimu tukaingia kama mashahidi wa ndoa yao. Penye hatari ya kufa Kanisa halisubiri matangazo ya Jumapili. Mama mkubwa alikuwa na kitenge chake cha shambani, akataka kwenda kubadili, padre akamwambia abaki hivyo hivyo. Baba mkubwa alipoulizwa kama anamkubali, sauti ilikwama, akarudia mpaka sote tukaisikia.

Ndipo padre akamwekea mikono kichwani, kimya. Mafuta yalikuwa ndani ya kopo dogo la chuma, yamelowesha pamba. Ni yale yanayobarikiwa na askofu katika Misa ya Krisma. Akampaka kwa kidole gumba kwenye paji la uso, kisha viganjani, viganja vigumu vya mtu wa jembe. Hostia aliivunja, akachukua chembe na kuiweka kwenye kijiko chenye maji. Koo lilipanda na kushuka, likapanda tena, na sote chumbani tukawa tunameza pamoja naye.

Padre alipomwona bibi pale kwenye kigoda, akamuuliza kama naye angependa kupakwa. Bibi alishtuka: yeye haumwi. Akaelezwa kwamba uzee uliokwisha kumdhoofisha mtu unatosha, asingoje kukata roho. Akapakwa. Jirani yetu mmoja, Mlutheri mwenye kisukari, akauliza kama naye anaweza. Padre hakumbeza. Alimweleza kwamba Mkristo asiye Mkatoliki huweza kupakwa akiwa katika hatari ya kufa, akiomba mwenyewe, akiwa na imani ya Kanisa juu ya sakramenti hiyo, na mchungaji wake hapatikani. Wa kwake alikuwa anaishi ng'ambo ya mto tu. Wakasali pamoja, wakashikana mikono.

Inaniuma mpaka leo kuona familia zinamficha padre mpaka mgonjwa apoteze fahamu, eti akifika na mafuta ni kutangaza msiba. Tangu mageuzi ya Papa Paulo VI ya mwaka 1972 imewekwa wazi kwamba mpako ni wa mgonjwa anayeanza kuwa hatarini, ili apate nguvu, asamehewe, na apone kama ndiyo heri yake. Baba mkubwa aliishi miezi mingine. Jumapili tulimbeba kwa kiti hadi kigangoni, kwenye kanisa dogo la kijijini, akakomunika kando ya mke wake.

Hali ilipozidi baada ya Pasaka, wapo waliosema hapakwi mara mbili. Ugonjwa ukizidi, mtu hupakwa tena, na alipakwa. Safari hiyo aliyekwenda parokiani kumwita padre ni mwenyekiti wa jumuiya.