Bati za Wete, bili za Leicester

Ujumbe wa sauti wa alfajiri kutoka Pemba hufika Uingereza usiku mkubwa. Kule saa kumi na moja watu wanaamkia sala. Hapa ni saa nane msimu wa baridi, saa tisa msimu wa joto. "Mwanangu, fundi keshapaua, zilobaki bati." Ukishausikiliza usingizi umekwenda zake, na kazini unatakiwa saa kumi na mbili. Dawa ya mwanzo ya wasiwasi huu wa madeni basi haina gharama: simu ilale jikoni, sauti imezimwa. Bati haziezekwi usiku.

Ya pili ni nzito zaidi: bahasha. Mwenye madeni huacha kufungua barua, na hapo ndipo roho inapozidi kwenda mbio, kwa sababu deni usilolijua kiwango hukua kichwani kuliko karatasini. Chagua asubuhi ya siku ya mapumziko, ufungue zote, uzigawe mafungu mawili. La kwanza ni kodi ya nyumba, kodi ya halmashauri, umeme na gesi. La pili ni kadi za mkopo na mikopo midogo ya mtandaoni. Wengi hukosea hapa: humlipa anayepiga simu sana, naye mara nyingi ni wa fungu la pili. Wa kadi huanza kwa kukuharibia rekodi ya mikopo. Kodi ya nyumba ukiiacha unatolewa nje, na halmashauri ikishapita mahakamani inaweza kukuletea madalali mlangoni. Anayeishi peke yake aombe apunguziwe robo ya kodi ya halmashauri. Hata mwenye kibali kinachomkataza misaada ya serikali anaweza kuiomba. Punguzo la wenye kipato kidogo ndilo lililomo katika makatazo, usiyachanganye.

Kisha mtafute mshauri wa madeni. StepChange na Citizens Advice hawatozi kitu. Ukiwa England au Wales, mshauri anaweza kukuombea Breathing Space, iliyoanza Mei 2021: siku 60 ambazo madeni yaliyomo hayaongezwi riba wala wadai hawakufuatilii. Si msamaha. Kodi na bili za mwezi unaoendelea unazilipa vilevile, ukiziacha unaweza kutolewa kwenye mpango huo, na huipati tena mpaka ipite miezi 12.

Mchezo, ule wa kuchangiana pesa na kupokea kwa zamu, hauna mshauri. Ukiona utashindwa kutoa, mwambie anayeushika kabla ya siku yenyewe. Kama hujapokea, mwachie mwengine nafasi. Kama umeshapokea, toa nusu na utaje tarehe ya nusu ya pili.

Nyumbani nako taja tarakimu. "Nitaangalia" kwako ni adabu tu, lakini Wete inasikika "ndiyo", na kesho yake bati zishakopwa dukani. Sema hivi: "Mama, shikamoo. Kila tarehe 28 nitaleta pauni 80, zitapitia kwa kaka. Zaidi ya hapo sina." Mpokeaji awe mmoja, vyenginevyo kila mjomba atakuja na hesabu yake. Ukitaka kupunguza unachotuma, na nyumbani kuna mikarafuu, ngoja msimu wa kuchuma, wakati hata wachumaji wanalipwa kwa pishi na pesa ipo mkononi. Na usitume kwa kadi ya mkopo: kwa kawaida huhesabiwa umetoa fedha taslimu, riba ikaanza siku ileile, na ada juu.

Wapo wanaoona haya kuomba zaka, ilhali mwenye madeni ametajwa wazi katika mafungu manane ya wanaostahiki.

Kifua kikibana, vuta pumzi kwa hesabu ya nne, itoe kwa hesabu ya sita, dakika tano hivi. Mapigo yatatulia, bili itabaki palepale. Wiki mbili zikipita usingizi hauji na chakula hakipiti, nenda kwa daktari uliyejiandikisha kwake, na umwambie ni pesa, usiseme kichwa tu kinauma. Yakija mawazo ya kujidhuru usingoje miadi: piga simu ya msaada ya Samaritans, 116 123, bure, saa yoyote ya usiku au mchana.