Jinsi tulivyopunguza kuanguka kwa wazee usiku: uzoefu wangu katika makazi ya wazee Minnesota

Ninafanya kazi katika makazi ya wazee yaliyo pembezoni mwa jiji la Minneapolis, katika jimbo la Minnesota, ambako Waafrika Mashariki wengi huanza maisha ya Marekani kwa kuwahudumia wazee. Nilianza kama mhudumu wa zamu ya usiku, kazi ya kubadilisha shuka, kumsindikiza mzee msalani na kuhakikisha ana maji karibu, na baadaye nikakabidhiwa usimamizi wa mazoezi na usalama wa wakazi. Makazi ya aina hii si hospitali. Kila mzee ana chumba chake chenye mlango na ufunguo, analipa kila mwezi, na huduma anazopewa ni zile alizozikubali katika mkataba. Jambo hili lina uzito mkubwa katika yote ninayoyaeleza hapa, kwa kuwa mtu aliye nyumbani kwake haamrishwi.

Shida iliyokuwa mbele yangu ilikuwa kuanguka, na hasa kuanguka kwa usiku. Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani, CDC, kinaeleza kwamba kila mwaka zaidi ya mtu mmoja kati ya wanne wenye umri wa miaka 65 na kuendelea huanguka, na kwamba chini ya nusu yao humwambia daktari. Aliyeanguka mara moja yuko katika hatari maradufu ya kuanguka tena. Hata asipovunjika nyonga, huingiwa na hofu, akaacha kwenda ukumbini kula na wenzake, misuli ya miguu ikalegea, na kuanguka kwa pili kukawa kumeshaandaliwa.

Uongozi ulikuwa umenunua vifaa kabla sijapewa kazi hiyo. Chini ya magodoro ya wakazi waliokuwa katika hatari kubwa kulikuwa na mikeka ya vihisi, ambayo hupeleka kengele kwenye simu ya mhudumu mara tu mzee anapoinuka. Wazo lilikuwa zuri, ila mhudumu aliyeko ghorofa ya pili akimsaidia mtu kuoga hawezi kufika ghorofa ya kwanza ndani ya sekunde ambazo mzee anahitaji ili asimame na kuyumba. Tena kengele zililia hata mtu alipojigeuza tu kitandani, na wahudumu wakazizoea kama tunavyozoea kelele za barabarani. Nilipotafuta maandiko nilikuta kwamba jambo hili lilikwisha kupimwa: utafiti uliochapishwa mwaka 2012, uliofanywa katika vitengo 16 vya hospitali moja ya mjini hapa Marekani, ulionyesha kwamba kuongeza matumizi ya kengele za kitandani hakukupunguza idadi ya wagonjwa walioanguka.

Hata hivyo, sikuona sababu ya kuitupa mikeka hiyo. Ilikuwa inahifadhi kumbukumbu ambazo hapakuwa na mtu aliyezifungua: saa ambayo kila mzee huinuka, muda anaokaa nje ya kitanda, na mara ngapi kwa usiku. Nikaanza kuzichapisha kila wiki na kuketi nazo pamoja na muuguzi wetu, tukitafuta swali moja tu, yaani kwa nini mtu huyu huinuka saa hii. Nikilinganisha mambo yote tuliyoyafanya, naamini hilo ndilo lililoleta tofauti kubwa kuliko yote, nalo halikugharimu chochote zaidi ya karatasi.

Bibi mmoja alikuwa akiinuka mara tatu au nne kila usiku kati ya saa sita na saa tisa. Muuguzi alipoangalia orodha ya dawa zake aligundua kwamba dawa ya kuongeza mkojo aliyopewa kwa ajili ya moyo ilikuwa ikitolewa pamoja na chakula cha jioni, basi akampigia daktari simu na ikahamishiwa asubuhi. Mwingine aliinuka mara moja tu, ila alilalamika kwamba dunia inazunguka. Huyo tulimpima shinikizo la damu akiwa amelala kwa dakika tano, kisha akiwa amesimama, baada ya dakika moja na baada ya dakika tatu. Kipimo cha juu kikishuka kwa 20 au zaidi, au cha chini kwa 10 au zaidi, hiyo ni dalili kwamba damu haifiki kichwani vizuri mtu anaposimama. Chake kilishuka kupita hapo. Daktari alipitia upya dawa zake, nasi tukamzoeza kukaa ukingoni mwa kitanda na kuchezesha vifundo vya miguu kabla ya kunyanyuka.

Mzee niliyejifunza kwake zaidi ni yule aliyeinuka saa kumi na moja kasoro kila alfajiri, bila kukosa, na ambaye hatukuona sababu yoyote ya kitabibu. Binti yake alipokuja kumtembelea ndipo alipotueleza kwamba baba yake alifuga ng'ombe wa maziwa maisha yake yote, na saa hiyo ndiyo ilikuwa saa ya kukamua. Hapakuwa na cha kutibu. Tulichofanya ni kupanga mhudumu ampelekee kahawa saa kumi na nusu, amsaidie kuvaa viatu, kisha amketishe dirishani. Kihisi kilitupa saa, ila habari ya ng'ombe isingetoka kwenye mashine yoyote.

Vifaa vingine navipitia kwa ufupi. Taa ndogo zinazowaka zenyewe mtu akipita, zikiwa zimewekwa chini kutoka kitandani hadi mlango wa choo, ni rahisi na zilipokelewa vizuri na karibu wote. Saa za mkononi zinazotambua kuanguka, ambazo zilianza kuenea baada ya Apple kuweka uwezo huo katika saa yake ya mwaka 2018, zilikuwa na kasoro ambayo wauzaji hawaitaji: watu wengi huzichaji usiku, kwa hiyo saa hukaa mezani wakati ule ule ambapo mwenyewe anatembea gizani kwenda chooni. Tukahamisha kuchaji kuwa wakati wa kifungua kinywa, saa zikikusanywa ukumbini na kurudishwa mkononi kabla mtu hajaondoka mezani. Kuhusu PARO, ile roboti ya Kijapani yenye umbo la mtoto wa sili, mnyama wa baharini mwenye manyoya, ambayo wakazi wenye ugonjwa wa kusahau huipapasa, nilikuwa na dharau nayo mwanzoni; lakini humtuliza bibi mmoja jioni anapoanza kuhangaika, na bibi aliyetulia haanzi kuzurura, basi nimenyamaza.

Suala la kamera lilikuwa gumu zaidi. Tangu tarehe 1 Januari 2020 sheria ya Minnesota inaruhusu kifaa cha kumwangalia mkazi kuwekwa chumbani mwake, lakini ridhaa ni ya mkazi mwenyewe maadamu ana uwezo wa kuamua, na kama anaishi na mwenzake, huyo naye lazima akubali. Familia moja ilitaka kamera kwa mama yao, mwalimu mstaafu mwenye akili timamu kabisa. Wenzangu humwita kwa jina lake la kwanza, kama ilivyo desturi hapa, nami ulimi umekataa, kwa hiyo namwita Mama. Nilimuuliza, "Mama, wewe unasemaje?" Akasema hataki kuangaliwa anapovua nguo. Wanawe walikasirika, lakini tukakubaliana juu ya kihisi cha mwendo kisichopiga picha, kinachotoa taarifa iwapo ameingia msalani na hajatoka kwa muda usio wa kawaida. Yeye mwenyewe ndiye aliyechagua muda huo.

Yote hayo yanahusu usiku, lakini miguu hujengwa mchana. Tunampima kila mkazi anayekubali kwa majaribio mawili yanayopendekezwa na CDC: kuinuka kitini, kutembea mita tatu, kugeuka, kurudi na kuketi, ambapo sekunde 12 au zaidi ni ishara ya hatari, na kuhesabu mara ngapi mtu anaweza kusimama na kuketi katika sekunde 30 bila kutumia mikono. Kwa mwanamume wa miaka 80 hadi 84, chini ya mara 10 ni kidogo, na kwa mwanamke wa umri huo chini ya mara 9. Kisha kuna darasa la tai chi, mazoezi ya Kichina ya miondoko ya polepole, mara mbili kwa wiki. Nililichagua kwa sababu ya utafiti uliofanywa Oregon na kuchapishwa mwaka 2018, uliohusisha watu 670 wenye umri wa miaka 70 na kuendelea, ambapo walioshiriki tai chi iliyoandaliwa ili kumsaidia mtu kusimama imara bila kuyumba walianguka kwa asilimia 58 pungufu kuliko waliofanya mazoezi ya kunyoosha viungo. Tulijaribu kwanza kulionyesha darasa kwenye televisheni na watu wakasinzia. Lilipopata mwalimu aliyesimama mbele yao, na likawekwa muda mfupi kabla ya chakula cha mchana, viti vilijaa.

Kuanguka hakujaisha, na sitarajii kuishe, kwa kuwa wapo wanaosahau fremu zao za kutembelea na wapo wenye ugonjwa wa Parkinson ambao miguu yao huganda ghafla. Ila kumepungua kiasi cha uongozi kuniuliza, katika kikao cha bajeti, kama vihisi sasa vinatosha kutuwezesha kumwondoa mhudumu mmoja wa usiku. Nilipeleka zile karatasi za kila wiki na kuwaonyesha mistari ya kahawa ya alfajiri, misindikizo ya msalani na vipimo vya shinikizo la damu, kila mmoja ukiwa na jina la mhudumu aliyekwenda. Mhudumu amebaki kwa mwaka huu wa fedha, na karatasi naendelea kuzichapisha.