“Nasema tu, Mama”

Maneno matatu, na leo siku ya nne hayajanitoka kichwani.

Ilikuwa Jumapili usiku. Mimi nakanda unga wa chapati, binti yuko mezani na rundo lake la kadi za Romeo na Juliet, tamthilia ya Shakespeare. Mtihani ni Mei, na hawaruhusiwi kuingia na kitabu, kwa hiyo kila nukuu lazima ikae kichwani. Zamu yangu mnaijua: namtajia mhusika, yeye anamwaga nukuu, tendo na onyesho. Tukafika kwa Yaya. (Kwenye kitabu anaitwa Nurse, lakini si muuguzi. Ndiye aliyemnyonyesha Juliet, na kwetu huyo ni mama wa kunyonya, ana haki zake.) Binti akatoa nukuu ya tendo la 3, onyesho la 5, pale Yaya anapomwambia Juliet, ambaye tayari ameolewa na Romeo kwa siri, kwamba heri aolewe na Paris, mchumba anayetakwa na wazazi, maana Romeo mbele ya Paris ni tambara la kuoshea vyombo. Hakukosea hata neno. Halafu akasema:

“Mama, unajua huyu ananikumbusha nani?”

“Nani?”

“Wewe. Siku ile ya kemia.”

Mikono yangu ikasimama kwenye unga. Akaiona.

“Sijakasirika. Nasema tu, Mama.”

Akachukua kadi ya Mercutio.

Mliosoma ya Januari mnakumbuka. Yeye alitaka kuchukua uchoraji mwaka ujao, baba yake akasema kemia, basi. Nilimtetea pale mezani, wallahi nilimtetea, mpaka Baba Watoto akaniambia ninyamaze. Saa nne usiku nikaingia chumbani kwake, nikakaa ukingoni mwa kitanda, nikamwambia, “Chukua kemia mwanangu, uchoraji utakusubiri.” Nilidhani nampunguzia machungu. Akaitikia “Sawa, Mama,” akageukia ukutani.

Wiki hii karatasi zetu za ukaazi zimetoka baada ya kungoja miezi 14, wifi kajifungua mapacha Tanga, na mimi bado niko Jumapili.

Jumatatu nikaenda na kitabu kazini. Wazee ninaowatunza wakishalala huwa napata saa moja ya utulivu. Nilimtafuta Yaya nikiomba nimkute hana hatia, na mwanzoni nikamkuta hivyo. Capulet, baba yake Juliet, anamtukana binti yake kwa kumkataa Paris, anamwambia ajinyonge, aombe, afe njaa barabarani, na ni Yaya, mtumishi, anayethubutu kumwambia bwana wake kwamba anakosea kumkaripia mtoto namna ile. Mama mzazi anasema tu fanya utakavyo, mimi nimemalizana nawe, anatoka. Nilifurahi peke yangu pale jikoni. Umeona? Alisema!

Kisha wazazi wanaondoka, wanabaki wawili, na Juliet anamuuliza: huna hata neno moja la furaha? Nifariji, Yaya. Faraja anayopewa ni Paris.

Hapo nikaelewa binti aliona nini. Mezani hanidai kitu. Anachonidai ni cha chumbani, saa nne usiku, tulipokuwa wawili.

Zamu ya Jumanne nikarudi mwanzo kabisa, pale Yaya anapohesabu umri wa Juliet, ambaye hajafikisha miaka 14. Anamhesabu kwa Susan, binti yake mwenyewe wa rika lilelile, aliyekufa. Anamhesabu kwa tetemeko la ardhi la miaka 11 nyuma, siku aliyomwachisha ziwa: alipaka pakanga kwenye chuchu, akaketi juani chini ya ukuta wa banda la njiwa, mtoto akaonja uchungu, akaligombeza titi. Niliweka kitabu chini. Huyu wangu nilimwachisha kwa shubiri, barazani kwa mama, Ngamiani. Alionja, akakunja uso, akanitazama kama mtu aliyeibiwa, kisha akaja kulalia kifua kilekile. Mtu wa London, miaka ya 1590, alimwonaje mwanangu?

Nikaendelea kusoma, moyo umeshalainika, hadi tendo la 4. Juliet ana chupa ya dawa mkononi, ile ya kumlaza kama maiti kwa saa 42. Yaya ameshamwondoa chumbani, siri ameshamficha. Na hofu inapomshika anaita. Anaita “Yaya!”, kwa sauti. Kisha anajizuia: aje afanye nini hapa? Anabaki peke yake na chupa.

Nimeusoma mstari ule nadhani mara ishirini. Jina lilimtoka kabla hajafikiri. Baada ya yote yale, bado lilikuwa jina la kwanza mdomoni.

Jana nikamuuliza binti kama ana kadi ya hapo. Akasema hapana, mwalimu hakuwapa. Usiku nikaandika moja kwa mkono wangu, kalamu ya kijani kama anavyofanya yeye, nikaichomeka chini kabisa ya rundo. Leo asubuhi nimefungua pazia lake na kumwita mvivu kama kila siku, na papo hapo nikakumbuka kwamba Yaya naye anaingia vivyo hivyo asubuhi ile, anamwita mvivu, anaita na kuita, na Juliet kalala kama maiti. Miguu iliniisha nguvu. Binti akajifunika shuka, akasema, “Dakika tano, Mama.” Kwenye meza yake kadi yangu ilikuwa juu ya rundo, kona imekunjwa.

Sijamwambia kitu. Baba Watoto ana mapumziko Jumamosi, nitaanza na yeye, na safari hii sitanyamaza.

Gari nalo linagonga nikikata kona ya kushoto, tangu juzi. Nikienda moja kwa moja halisemi kitu. Ukaguzi ni wiki ijayo, na fundi yule wa karibu hapokei simu.